SAMADI NI YETU. HEWA NI YA NANI?

(Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya wa Singida)



Nimeombwa niseme juu ya haki ya kumiliki hati za hewa ukaa zitokanazo na mitambo ya gesi ya samadi. Mtambo wenyewe si mgeni nchini. Ulifahamika tangu miaka ya 1970. Jirani zetu wa Dodoma waliueneza kupitia MIGESADO, yaani Miradi ya Gesi ya Samadi Dodoma. Na mwaka 2009 ilianza programu ya taifa ya mitambo ya kaya chini ya CAMARTEC, Arusha. Lililo geni ni kwamba mtambo huo huzaa vitu vitatu. Cha kwanza ni gesi ya kupikia. Cha pili ni tope la kurutubisha shamba. Cha tatu hakionekani kwa macho, lakini huuzwa ng'ambo kwa fedha.

1. Kitu hicho ni nini?

Samadi iliyorundikwa na kulowana hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mtambo huikamata, nayo ikiungua jikoni madhara yake hupungua. Aidha, kuni na mkaa huachwa. Wataalamu hupima upungufu huo, na kila tani moja hupewa hati moja. Kampuni ya mbali itakayo kujihesabia kwamba imepunguza uchafu wake huinunua. Basi, muuzaji ni nani?

2. Wanaodai

Katika miradi ya namna hii, mwenye kaya huombwa kutia saini karatasi ya kumhamishia mwendeshaji haki ya hati hizo. Mwendeshaji naye ana hoja. Kaya moja hutoa tani chache tu kwa mwaka, nayo haiwezi peke yake kumlipa mpimaji na mkaguzi. Kukusanya kaya nyingi ni kazi, na kila kazi yastahili ujira. Lakini kulipwa ujira ni jambo moja, na kuwa mwenye mali ni jambo jingine.

3. Mizani ya haki

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mtu akimkabidhi jirani ng'ombe wa kutunza, ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe, lakini maziwa na samadi ni vya anayetunza. Hivyo jasho lilipewa haki yake bila kumnyang'anya mwenye mali. Hata Kumbukumbu la Torati humlinda ng'ombe apuraye nafaka asinyimwe chakula, sembuse binadamu! Naye Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya hati hizi yaweza kugeuka ulanguzi, huku wachafuzi wakubwa wakiendelea na uchafuzi wao.

Tutazame pia ndani ya nyumba. Mtambo hulishwa kila siku, samadi na maji kwa vipimo sawa. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi, ndoo ya maji hutoka mbali, nayo mara nyingi imo kichwani mwa mama. Lakini atiaye saini ni baba. Haki idaiwayo kwa mwendeshaji na ianzie nyumbani.

4. Tufanye nini?

Ninasema wazi: hati ni mali ya kaya inayoulisha mtambo, mume na mke pamoja. Yaweza kuhamishwa, lakini kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye mwisho unaojulikana, unaotaja bei na fungu la kila upande. Ruzuku ya ujenzi ikihesabiwa kuwa malipo ya hati, na isemwe hivyo tangu mwanzo. Kaya zijiunge katika ushirika, zipate nguvu ya kujadiliana.

Tunao mfano wa jirani. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao, na juu ya msingi huo wanauza hewa ukaa ya misitu yao. Aliye na hati mkononi husikilizwa. Nayo Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Viongozi wa walei wanaweza kuziomba kanuni hizo na kuzisoma pamoja na watu kabla karatasi yoyote haijatiwa saini.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

(a) Je, kuna mwanajumuiya aliyetia saini karatasi ya mtambo bila kuielewa? Tumsaidieje?

(b) Katika nyumba zetu, nani huulisha mtambo, na nani hupokea fedha?

(c) Mtambo ukilishwa kwa samadi ya ng'ombe wa kukabidhiwa, fungu la hati ni la nani?