Mgeni na Jembe



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe jembe kisha umnyime ujira.

Miaka ya 1920 babu zetu walivalishwa kipande shingoni. Harry Thuku, aliyepinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa Machi 1922. Leo waajiri ni sisi wenyewe. Vijana hutoka mbali kuja kuchuma kahawa na majani ya chai yetu hapa Nyeri, au kukata maua huko Timau.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema wazi: kazi ya miezi 3 au zaidi yataka mkataba wa maandishi, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Asiyejua kusoma na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Shauri likifika mahakamani bila mkataba, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.

Basi twawasihi wanachama wenye mashamba: andikeni majina, siku na malipo. Tulilolikataa kwa mgeni aliyetutawala, tusimtendee mgeni anayetulimia.