Bwawa la Udongo na Watu Walio Chini Yake

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari za bwawa dogo la udongo, lile ambalo mwenye shamba hulijenga kwa mali yake apate maji ya kumwagilia mimea wakati wa kiangazi. Ni jambo jema, wala hatukuja kulilaumu. Lakini bwawa si kama ghala: likivunjika, hasara haimwishii mwenyewe.

Wengi wenu mwakumbuka yaliyotokea Solai, katika Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi za masika, bwawa la shamba moja huko juu lilipasuka. Maji na matope yakawashukia watu majumbani mwao, wasiopungua 47 wakafa, na watoto wengi miongoni mwao. Baadaye mamlaka ya maji ilisema kwamba bwawa lile halikuwa na kibali.

Tuta la udongo huvunjika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza, maji hujaa hata yakapita juu yake. Udongo, ijapokuwa umeshindiliwa vema tabaka kwa tabaka, haustahimili jambo hilo. Hukatwa kama mto ukatavyo ukingo, na ufa mdogo huwa lango kwa muda mfupi. Kwa hiyo hapana budi pawe na mfereji mpana kando ya tuta, uliochimbwa katika ardhi ngumu ya asili, chini kuliko kilele cha tuta, ili maji ya ziada yapite huko. Wako watu wauzibao kwa magunia ya mchanga wapate maji zaidi kidogo. Huko ni kuchezea roho za watu.

Njia ya pili hutendeka kwa siri. Maji hutafuta tundu: la fuko, la mchwa, la mzizi uliooza. Ndiyo sababu tuta hupandwa majani, wala si miti. Unyevu kidogo chini ya tuta si ajabu. Lakini maji yatokayo hapo yakigeuka kuwa ya matope, jueni kwamba udongo wa ndani unachukuliwa. Hapo msingoje asubuhi. Waamsheni walio bondeni wapande mahali palipoinuka.

Nanyi mkaao chini ya bwawa la mwenzenu, msione haya kwenda kumwuliza mfereji wake uko upande gani, na ulisafishwa lini.