Kamera ya Filamu Pana: Ni Nani Anayeitumia Hata Leo?

Wekeni daftari na kalamu tayari, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo. Somo letu ni juu ya kamera. Lakini kwanza nitawaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu, Iringa.

Tulikuwa na picha moja ndogo iliyopigwa mwaka 1964. Wanawake wawili wamesimama mbele ya pazia. Mmoja ni bibi yetu, mama yake baba. Wa pili ni dada yake. Bibi alifariki kabla sisi hatujazaliwa, wala hakuacha picha nyingine. Wazee waliowajua wote wawili walipokwisha kufariki, tukabaki kubishana: bibi ni yupi? Tulijua tu kwamba alikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Lakini katika karatasi ile nyuso zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, tena zimefifia.

Siku moja shangazi akafungua sanduku lake akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na negativu ya picha ile. Negativu ni kile kipande cha filamu ambacho cheupe huonekana cheusi, na cheusi huonekana cheupe. Tukampelekea fundi wa picha, akaikuza ikawa kubwa kama ukurasa wa gazeti. Kovu likaonekana. Bibi alikuwa yule ambaye miaka yote tulimwita dada yake.

Je, kovu lilitoka wapi? Lilikuwamo tangu siku ile, kwa sababu mpiga picha alitumia kamera ya filamu pana. Pengine mmeiona: ni sanduku lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Mpiga picha huishika kifuani, akainama na kutazama kwa juu. Rolleiflex ya Ujerumani ilianza kuuzwa mwaka 1929. Wajapani nao walitengeneza Yashica.

Sasa andikeni. Picha katika filamu hiyo ina milimita 56 kila upande. Zidisheni 56 kwa 56: mtapata 3,136. Picha katika filamu ndogo ya kawaida ina milimita 36 kwa 24, yaani 864. Filamu pana inaizidi ndogo zaidi ya mara tatu na nusu. Shamba kubwa huvunwa magunia mengi. Filamu kubwa hushika mambo mengi.

Siku hizi katika miji ya Mbeya na Iringa picha nyingi hupigwa kwa simu na kamera za dijiti. Basi, ni nani anayetaka filamu pana?

Kwanza, ni mtu anayetaka picha kubwa zenye kila unyoya na kila mkunjo. Nick Brandt, Mwingereza, alipiga picha za tembo na simba wa Afrika Mashariki kwa kamera ya Pentax 67. Hakutumia lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Ilimbidi asogee karibu na kungoja. Katika kitabu chake cha mwaka 2013 mna picha za ndege waliokaushwa na magadi ya Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi yetu. Baadaye naye alihamia dijiti.

Pili, ni mtu anayetaka kujifunza kutulia. Filamu moja ya kamera ya macho mawili hutoa picha 12 tu. Ukijua zimebaki tatu, utatazama vizuri kabla ya kubonyeza.

Tatu, wako wanaotumia kamera pana za dijiti, zisizo na filamu. Hasselblad ilitoa moja mwaka 2016, na Fujifilm mwaka 2017. Bei yake ni kubwa kuliko ya pikipiki, kwa hiyo hununuliwa zaidi na watu wanaoishi kwa kazi ya picha.

Lakini si lazima uwe na kamera hiyo ndipo ikufae. Malick Sidibé wa Bamako, nchini Mali, aliwapiga picha majirani zake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, akatunza negativu zake. Alifariki mwaka 2016, na leo picha hizo hutundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Angalizitupa, zisingekuwapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tazameni masanduku yenu. Mvua na ukungu wa nyanda zetu za juu huleta kuvu, na kuvu hula filamu. Msiweke negativu darini juu ya meko, wala katika mfuko wa plastiki wenye unyevu. Zishikeni kwa kingo, zitieni katika bahasha kavu ya karatasi, na andikeni juu yake majina ya watu na mwaka. Kama sisi tungaliandika, tusingalibishana.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini kovu la bibi halikuonekana katika picha ndogo?
2. Kamera ya macho mawili hutoa picha ngapi kwa filamu moja?
3. Nyumbani kwako ni nani anayejua majina ya watu walio katika picha za zamani? Mwulize, kisha andika majina hayo.

Kwaherini.