Shule Isiyo na Ada na Mtoto wa Mkulima Mdogo
(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda baadhi yenu mkashangaa kumsikia mkaguzi, ambaye kazi yake ni vitabu vya hesabu na mizani, akizungumzia shule. Lakini mwanachama asiyeweza kusoma stakabadhi yake hana njia ya kujua kama kilo zilizoandikwa ndizo zilizopimwa. Chama chenye wanachama wengi wa namna hiyo huchagua viongozi kutoka nyumba zile zile chache, mwaka hata mwaka, na huo si ushirika tena.

Nchi yetu imejitahidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi. Ada zilizorudi baadaye ziliondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 zikaondolewa katika sekondari za Serikali hadi kidato cha nne. Mlango umefunguliwa. Hata hivyo, kuandikishwa si kuelimika.

Watazameni watoto wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza ameshiba, ana taa, vitabu na mwalimu wa masomo ya ziada. Pengine wazazi wake wamempeleka shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wa pili hutembea mwendo mrefu, hushinda na njaa, na wakati wa palizi hubaki shambani. Akifaulu kwenda sekondari, huko hukuta masomo mengi yakifundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuizoea. Kisha wote wawili hupewa mtihani mmoja, na anayeshindwa huambiwa hana akili. Sisi wanaushirika tunajua kwamba mizani iliyowekwa mahali palipoinama haisemi kweli, hata kama imepigwa mhuri.

Tuanze na chakula cha mchana shuleni, kwa kuwa mwenye njaa hasikii somo. Mahali pengi wazazi hukubaliana kila mmoja atoe kiasi kilicho sawa cha mahindi. Jambo hili laonekana kuwa la haki, lakini debe moja kwa mwenye ekari ishirini si debe moja kwa mwenye nusu ekari. Ushirika unayo njia bora zaidi, nayo ni kuchangia kwa kilo. Kwa mfano, chama kinachokusanya kilo 200,000 kwa msimu, kikitenga shilingi 10 kwa kila kilo, kitapata shilingi 2,000,000. Aliyeuza kilo 100 atakuwa ametoa shilingi 1,000. Aliyeuza kilo 3,000, shilingi 30,000. Na watoto wao watakula chungu kimoja.

Hapa sina budi kusema kama mkaguzi. Kwanza, makato yoyote yaamuliwe na Mkutano Mkuu na kuandikwa katika muhtasari. Katibu asikate hata senti kwa maneno ya mdomo. Pili, fedha hizo ziwe na daftari lake, zisichanganywe na za pembejeo wala akiba ya chama. Tatu, matumizi yapangwe pamoja na kamati ya shule na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Nne, asitengwe mtoto ambaye mzazi wake si mwanachama au hakuvuna. Wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango.

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika ushirika. Wale wafanyakazi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, waliamua katika miaka ya 1850 kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Hawakungoja kutajirika kwanza. Basi yafaa ajenda ya Mkutano Mkuu ujao wa kila chama iwe na swali hili: mtoto wa mwanachama wetu aliye maskini kuliko wote anasoma katika hali gani, na chama kinamfanyia nini?