BWANA NYAMA NI MTUMISHI WA MWANANCHI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Masumbwe)



Sisi tunaolinda pori, wazee bado mnatuita "Bwana Nyama". Jina hilo limetoka kwa mkoloni. Enzi zile Bwana Nyama alimlindia Mzungu mnyama wa kuwinda kwa anasa, na Msumbwa aliyetafuta kitoweo porini kwa babu zake aliitwa mwizi.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza huko Arusha kwamba wanyama na mapori ni dhamana yetu kwa ajili ya wajukuu. Tangu hapo mwenye mali ni mwananchi. Sisi ni walinzi wake tu.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Tunaingia pori la Kigosi na unga na maji mgongoni, tunalala chini ya miyombo, ndorobo wanatuuma, na wakati wa mvua tunavuka mbuga zilizojaa maji. Tunategua mitego ya nyaya. Maji ya huko huenda mto Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika, na mwaka 2000 bonde hilo lilikuwa la kwanza nchini kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia.

Mwaka 2009 nchi yetu ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 walibaki 43,330. Je, ni nani wa kijijini aliyejenga nyumba kwa pembe zile? Faida ilikwenda kwa matajiri wa mbali. Kijana wa kijiji akapata kifungo.

Lakini na upande wa pili usemwe. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilianzishwa kuwakomesha majangili, ikasimamishwa kwa sababu raia waliteswa na wengine wakafa. Bunge lilichunguza, na mawaziri 4 wakaondolewa. Askari anayempiga mfugaji, au anayedai rushwa kwa mrina asali, ni ndugu yake jangili: wote wawili wanamwibia mwananchi.

Basi tunaomba mambo mawili. Mkimjua jangili, msimfiche, hata akiwa ndugu. Na mkimjua askari mwonevu, mtajeni hadharani katika mkutano kama huu, nasi tutasimama upande wenu.

Pori bila wananchi halilindwi.

Uhuru na Kazi!