Madirisha ya Mainz na Deni la Yubilei



Neno hili "yubilei", ambalo mwaka huu tunalitaja katika kila parokia, si letu kwa asili. Tulilipokea kwa Wayahudi. Kwao lilitokana na pembe ya kondoo dume, iliyopigwa kutangaza mwaka wa hamsini, mwaka wa kuwaacha watumwa huru na kuwarudishia watu mashamba yao. Basi si haki tufanye sikukuu kwa neno lao, tusijiulize kama sisi nasi tunalo deni kwao. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za madirisha ya kanisa moja la Ulaya.

Katika nchi ya Ujerumani, kando ya mto Rhein, uko mji wa Mainz, na ndani yake lipo kanisa la Mtakatifu Stefano, lililoanzishwa mwaka 990 na Askofu Mkuu Willigis. Wayahudi walikaa mjini humo tangu zamani, wakawa na waalimu wakubwa wa Torati. Lakini mwaka 1096 watu waliojishonea msalaba nguoni, wakisema wanakwenda kuikomboa Yerusalemu, waliwaua Wayahudi wa Mainz kwa mamia. Tena mwezi wa Novemba 1938 wafuasi wa Hitler waliteketeza sinagogi yao, na katika miaka ya vita wakawaua Wayahudi wa Ulaya wapatao milioni 6. Wengi katika wauaji hao walikuwa wamebatizwa. Neno hili ni chungu, lakini ni kweli.

Hata vita ilipokwisha mwaka 1945, kanisa lile nalo lilikuwa limebomolewa kwa mabomu. Likajengwa tena. Mwaka 1973 paroko wake, Padre Klaus Mayer, ambaye baba yake alikuwa Myahudi, alimwandikia barua Marc Chagall, mchoraji mashuhuri aliyekaa Ufaransa. Chagall alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Vitebsk, mwaka 1887. Na mwaka 1941 alikimbilia Marekani ili asishikwe na wafuasi wa Hitler. Fikirini, ndugu: mzee huyu aliombwa kupamba kanisa katika nchi ya wale waliotaka kumwua! Hakukubali upesi, wala padre hakuchoka kumwomba. Mwisho alikubali. Dirisha la kwanza likawekwa mwaka 1978, mzee akiwa na miaka 91, na kabla ya kufariki mwaka 1985 alikuwa ametoa madirisha 9. Mafundi wa mji wa Reims, pamoja na Charles Marq, walikata vioo kwa kufuata michoro yake, wakaviunga kwa risasi.

Mtu akiingia humo huona nuru ya buluu imejaa kanisa zima. Katika dirisha la katikati wamo baba zetu wa imani: Abrahamu akiwapokea wageni watatu, na tena akiwaombea watu wa Sodoma, Yakobo na ngazi yake, Musa na mbao za amri. Mkristu akiinua macho wakati wa Misa, huwaona watu ambao Myahudi naye huwaita baba zake.

Zamani vioo na mawe ya makanisa mengi yalifundisha vingine. Katika kanisa kuu la Strasbourg zilisimamishwa, katika karne ya 13, sanamu mbili za wanawake: mmoja ni Kanisa, amevikwa taji, wa pili ni Sinagogi, amefungwa kitambaa machoni, na mkuki wake umevunjika. Asiyejua kusoma alipita hapo kila Dominika, akajifunza dharau pasipo kuhubiriwa neno.

Sisi makanisa yetu mengi hayana vioo vya rangi. Lakini watoto hutazama na kusikiliza. Tukiri wazi: tumewahi kusimama mbele ya darasa, mtoto akauliza ni nani waliomwua Yesu, nasi tukajibu kwa neno moja, "Wayahudi", tukaendelea na somo. Hatukumwambia kwamba Yesu mwenyewe ni Myahudi, na Mama yake, na Mitume wote. Wala kwamba Pilato aliyetoa hukumu alikuwa Mrumi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote waliokuwapo siku zile, wala juu ya Wayahudi wa leo. Na Mtume Paulo alikwisha kutuonya: sisi ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, shina ndilo linalotuchukua.

Basi, waalimu, lipeni deni hili darasani. Mkisimulia Mateso katika Juma Kuu, semeni habari yote. Mkisikia mtoto akilitumia jina la Myahudi kuwa tusi, msinyamaze. Nanyi wazazi, fanyeni vivyo hivyo nyumbani, kwa kuwa mtoto huanza kujifunza huko.

Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo, aliye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristu, awabariki nyote. Amina.