Nani Afaa Kumsemea Askari wa Zamani?

Hotuba ya karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imeniagiza niseme juu ya jambo lililo mbele ya mkutano huu, nalo ni hili: ni nani atakayepewa barua ya chama chetu, yenye muhuri, ili aende ofisini kumdaia askari wa zamani haki yake, au kumdaia mjane wake. Mpaka sasa barua hiyo imetolewa kwa yeyote aliyeiomba kwa adabu. Wako kati yenu wanaotaka ishikwe na sajini mstaafu, kwa kuwa aijua kambi. Wako wanaotaka ishikwe na kijana aliyetoka chuo kikuu, kwa kuwa Kiingereza chake ni chepesi. Mimi nasema kwamba cheo peke yake hakitoshi, wala digrii haitoshi. Mwenye kuitaka barua hiyo na ajaribiwe kwanza, kama dereva anavyojaribiwa kabla ya kukabidhiwa abiria.

Wazee mnazijua habari za Kariakor. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wachukuzi walitolewa katika nchi yetu hii kama walivyotolewa kwingineko, na wengi hawakurudi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, maana kumbukumbu za majina na vijiji vyao zilikuwa mbovu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba huenda hesabu hiyo ikafika 350,000. Katika vita vya pili mambo yalibadilika kidogo tu. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa karibu theluthi moja ya kile cha Mzungu wa cheo kile kile.

Udhalimu huo ulikuwa wa dola, na hakuna mwombezi wa kijiji ambaye angaliuondoa. Lakini uko udhalimu mwingine, mdogo wa sura, ambao huzaliwa mezani kwa karani na hukua kwa sababu aliyetumwa na familia hakujua kuusahihisha. Huo ndio ulio katika uwezo wetu.

Chukueni mfano wa mahali. Mtu aliyeandikishwa katika King's African Rifles huenda cheti chake kinasema ametoka South Kavirondo. Wilaya hiyo baadaye iliitwa South Nyanza, kisha Kisii ikawa wilaya ya peke yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyamira ikatengwa. Tangu 2013 tuna kaunti mbili. Basi cheti cha mume chasema South Kavirondo, kitambulisho chake cha baadaye chasema Kisii, na mjane anaishi Nyamira, ingawa boma halikusogea hata hatua moja. Karani kijana aliye Nairobi akiyaona hayo atadhani ni watu watatu. Anayemsemea mjane sharti aweze kuyaeleza hayo kwa barua ya ukurasa mmoja, bila kupaaza sauti.

Tena kuna majina. Ekegusii hakina sauti ya L. Jina la ubatizo ambalo padre au mchungaji aliliandika kwa L, karani wa jeshi aliliandika kwa R kama alivyolisikia. Na la baba likawekwa mara mbele, mara nyuma, mara likaachwa kabisa. Dawa yake yajulikana: hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kuthibitisha ya kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Niliyaona madai yaliyokaa miaka kwa kukosa karatasi hiyo, na wakati wote huo aliyetumwa alikuwa akirudi nyumbani na kusema, "Ofisi yataka chai." Huenda ofisi nyingine zataka chai, sikatai. Lakini safari hiyo ilikosa kiapo.

Mwombezi ajue pia mlango wa kila mtu. Aliyetumikia Jeshi la Ulinzi la Kenya ana mlango wake Wizara ya Ulinzi, na mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Maveterani wa Kijeshi kwa ajili yake. Aliyeitumikia Uingereza kabla ya uhuru, ambao sasa wamebaki wachache mno, na mjane wake, husaidiwa na Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoanzishwa mwaka 1921 na ambayo hufanya kazi kupitia vyama vya askari wa zamani katika nchi zetu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa wakongwe hao na wajane wao katika Jumuiya ya Madola. Mwenye kumpeleka mjane wa KAR kwenye mlango wa jeshi la leo atamchosha bure.

Sasa nije kwenye mahali pagumu, yaani mirathi. Askari akifa, mara nyingi ofisi hudai barua ya usimamizi wa mali kutoka mahakamani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtanguliza mwenzi aliyebaki hai katika kupewa usimamizi huo. Haimtangulizi shemeji, wala mkubwa wa ukoo. Nasema haya kwa heshima, wazee wangu, maana najua desturi yetu na najua wengi wenu mmewatunza wajane vizuri kuliko sheria ilivyoagiza. Palipo na wake kadhaa, sheria hiyo hugawa kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza kila mke aliye hai. Maombi hutangazwa, na kwa muda usiopungua siku 30 mwenye pingamizi aweza kuja. Mwombezi asiyeyajua haya atamwahidi bi mdogo kile kilicho cha bi mkubwa, na ugomvi utamshinda chifu.

Hata hivyo, ajue mwisho wa kazi yake. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza mtu asiye wakili kutayarisha hati za kuomba usimamizi wa mirathi. Mjane mwenyewe aweza kuomba, na mtu wetu aweza kumsindikiza mpaka dirishani pa mahakama ya Kisii au ya Nyamira, kumbebea vyeti na kumfasiria. Asijifanye wakili.

Na juu ya fedha nitasema wazi. Wako watu katika masoko yetu wanaosema, "Nipe theluthi nikupatie." Wengine hushika kadi ya benki ya mzee pamoja na namba yake ya siri, kila mwezi wakatoa wapendavyo. Sheria ya Pensheni, inayowahusu watumishi wa serikali, inakataza pensheni kuhamishiwa mtu mwingine, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja; nia yake ni kwamba mzee asiuze chakula cha kesho. Atakayeshika barua yetu asipokee sehemu yoyote ya malipo, wala asiguse kadi.

Lakini tusimfunge mpaka ashindwe kutembea. Marekani walipigana wao kwa wao tangu 1861, na mawakala wakawala wajane. Mwaka 1862 sheria ikaweka ujira wa wakala kuwa dola 5, na 1864 dola 10. Dola 10 hizo zilidumu mpaka 1988, zikawa si kitu, na mawakili wakawa adimu katika madai hayo. Leo nchini humo wakala asiye wakili hufanya mtihani wa kuandika, huchunguzwa tabia, na huendelea kusoma baada ya kuidhinishwa. Na kwa dai la kwanza hatozi ada. Kwa hiyo naomba chama chenyewe kilipe nauli na gharama za kunakili karatasi, kwa risiti, ili mtu mwaminifu asiione kazi hii kuwa hasara ya nyumba yake.

Mtihani wenyewe hauna haja ya kuwa mrefu. Mpeni mtu cheti cha zamani cha kuachishwa kazi, aseme kinakosa nini. Mwulizeni afanyeje kuhusu askari aliyepotea asisikike kwa miaka saba, ambaye sheria yetu humhesabu kuwa amekufa. Mwambieni aandike barua kwa Kiswahili safi na kwa Kiingereza, kisha amsomee mama asiyejua kusoma, naye mama aseme kama ameelewa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo itakayowaangusha wengi wenye digrii. Sajini naye atafaulu vizuri, ikiwa atakubali kukaa chini na kuandika.

Nataka pia wanawake wawemo. Yako mambo ya ndoa na uzazi ambayo mjane hatamwambia mwanamume, na mara nyingine dai lote husimama juu ya mambo hayo. Wala mtu asimsemee mjane wa nyumba ambayo yeye mwenyewe anagombea mali yake.

Naomba mkutano upige kura juu ya mambo matatu: barua zote za zamani zirudishwe kwa katibu, barua mpya iwe ya mwaka mmoja, yenye jina la mdai mmoja tu, na wasahihishaji wa mtihani wawe watatu, mmoja wao mjane wa askari. Karatasi za kuandikisha majina ziko mezani pa mweka hazina, karibu na mlango.